Picha ya Vijana kwenye Barabara ya Bogoro

Nyinyi mnaoshika beleshi leo kwenye barabara ya Bogoro mmeniomba niandike kidogo jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Nitaandika. Lakini msitegemee baraka za mzee aliyestaafu na roho nyeupe. Mimi niliwaonea wivu tangu siku mlipofika na gilet zenu, vile vizibao vya kazi vya manjano, na mpaka leo, nikikaa kwangu mtaa wa Lumumba, Bunia, nikisikia mvua inapiga bati, wivu ule unaamka nao. Afadhali mjue mapema mnasoma maneno ya mtu wa namna gani.

Nilianza kazi ya barabara nikiwa kijana asiye na ndevu za maana. Ofisi ilinipa kipande cha njia nikitunze, ikanipa na maneno mengi, lakini jembe haikunipa. Jembe nilitoka nalo nyumbani. Lilikuwa la mama, na kila msimu wa kupanda alikuja kulichukua mbele ya wenzangu, nami nikabaki siku kadhaa nikikwangua mtaro kwa panga. Nikikumbuka zile burueti zenu mpya, toroli za mkono, gurudumu linang'aa, rangi haijakwaruzwa, naona kama mtu ananitania.

Mkuu wangu alikuwa Muzee Gerazi, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata wakati wa jua kali. Siku ya kwanza nilifika asubuhi mapema, shati safi, nimekunja mikono tayari. Akatazama mbingu, akanirudisha.

"Weye rudia kwenu," akasema. "Leo haiko mayi. Utakuja mvua ikianza."

Nilidhani ananicheka. Mvua ilipoanza, watu wote wa Lumumba wakakimbilia chini ya mabati, mimi nikakimbilia barabarani, nje ya mji. Nikamkuta amesimama katikati ya barabara, amelowa chapachapa, anaangalia maji yanavyopita. Akaniamuru nifuate mkondo mmoja mpaka utakapoishia, bila kugusa kitu, kisha nirudi nimweleze.

"Gari haina shida," aliniambia nilivyorudi. "Mayi njo inakula barabara. Ukijua fasi inapenda kupita, unaifungulia njia, inaenda yake."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma, nyingine sikupata. Barabara ya udongo lazima iwe na mgongo, ili maji yaanguke pande mbili. Mtaro lazima uwe na mikono inayotoa maji porini kabla hayajapata nguvu. Buzi, yale mabomba ya saruji yanayopita chini ya barabara, yazibuliwe kabla ya mvua, maana mvua ikishaanza utakuwa unapigana na kitu kilichokushinda. Na udongo mpya ushindiliwe kwa dame, kile chuma kizito chenye mpini mrefu, mpaka mabega yaombe ruhusa ya kwenda nyumbani. Mnayajua yote haya. Nyinyi mlifundishwa ubaoni, mmekaa kwenye viti, na chai mezani.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa bariyeri ya mvua. Mti mmoja tu, unalazwa barabarani mvua ikianza, malori yanasimama pande zote mbili mpaka udongo ukauke. Lori moja likipita kwenye udongo mbichi linaacha mifereji miwili, na mvua inayofuata inaifanya mito. Muzee Gerazi hakuwa na saa. Alivua kiatu, akabonyeza udongo kwa kisigino. Kisigino kikitoka kisafi, alifungua. Kikitoka na udongo, madereva waliendelea kumtukana, naye aliendelea kuvuta kiko chake. Alikuwa na sikio zuri sana la kutosikia. Nilimwonea wivu sikio hilo kwanza kabla sijawaonea nyinyi chochote.

Kisha vita ikaja. Sitaiandika, kila nyumba ya Bunia ina ya kwake. Nitasema la kazini tu. Majani yalifunika mitaro, mabuzi yakaziba, mgongo ukalala. Muzee Gerazi alikufa kwenye ukimbizi, mbali na barabara yake. Na miti ikaongezeka njiani. Kila kundi lenye bunduki lilikuwa na bariyeri, na hakuna hata moja iliyongoja mvua.

Mwanangu wa kwanza, Janvier, ujana wake uliangukia humo. Tangu mdogo alikuwa na mikono ya kazi, na nilitaka kumfundisha barabara kama mimi nilivyofundishwa, lakini barabara ya kumfundishia haikuwapo. Wakati ule serikali haikuwa na kitu cha kuwapa vijana. Waliokuwa wakiajiri ni wenye bunduki. Tukamficha kwa shangazi yake, na alipochoka kufichwa akaenda kwenye mashimo ya dhahabu, akasukuma matope huko miaka na miaka, akarudi na kikohozi. Baadaye akawa anapakia mizigo kwenye malori ya samaki ya ziwani. Akaoa, akazaa. Ujana wake ukaisha hivyo, na hakuna ofisi iliyokuja kumpa pole.

Amani ilirudi kwa kuchungulia. Leo soko limejaa mpaka huwezi kupita, kesho linasikika neno la mapigano kutoka Djugu na maduka yanafungwa jua likiwa bado juu. Katika amani ya namna hiyo ndipo serikali ilipotoa pesa ya kufufua uchumi. Redio ilitangaza bila kuchoka: barabara itatengenezwa kwa mikono, si kwa mashine, ili vijana wengi wapate kazi. Vijana wa vilima vilivyokuwa vimegombana watachimba mtaro mmoja. Na sehemu ya malipo itawekwa akiba mpaka mwisho, ili kila mmoja atoke na mtaji, si na kiu tu. Niliona kwamba ni wazo zuri. Ndiyo maana liliniuma. Leo najua nani kati yenu alinunua cherehani kwa akiba ile, na nani anafuga mbuzi Bogoro, na nani alifungua duka la kinyozi. Wangalikuja na wazo baya, ningelala vizuri.

Ofisi ilinichagua kuwa mfundishaji. Nilikwenda nyumbani mbio kumwambia Janvier, naye, akitumaini kuandikwa, akaacha lori siku hiyo hiyo.

Waliochukuliwa walipatikana kwa kura, mbele ya watu wote, kwenye uwanja wa mpira wa Lumumba, ili mtu asiseme fulani ameingizwa na mjomba wake. Vikaratasi viliwekwa kwenye beseni, vijana wakapanga mstari, na mezani alikaa karani wa mradi akitazama kadi ya kila mmoja kabla ya kumruhusu kuingiza mkono. Janvier alipofika, karani aliitazama kadi yake zaidi ya nyingine.

"Umri imepita, ndugu," akasema. "Trente-cinq, miaka thelathini na tano, njo mwisho."

"Nimepita mwaka moja tu," Janvier akajibu.

"Hata mwezi moja. Hii feza ni ya vijana."

Nikajipenyeza mpaka mezani. Nikamwambia huyu ni mwanangu, namjua, hakuna mwenye mikono kama yake kwenye mstari huu. Karani akasema kwa sababu ni mwanangu ndiyo hawezi kabisa. Damu ikanipanda.

"Na wakati alikuwa na umri," nikamwuliza, "nyinyi mulikuwa wapi?"

Akanitazama kwa uso wa mtoto mwenye adabu. "Mi nilikuwa mu primaire, muzee."

Mtoto wa shule ya msingi wakati ule, nimlaumu kwa nini? Janvier akachukua kadi yake, akaomba samahani kwa niaba yangu, akarudi kwenye lori lake la samaki. Nyuma yake alikuwa kijana mwenye nywele za kusuka aliyeingiza mkono, akatoa karatasi ya bahati, akaruka juu. Nilimchukia kijana yule msimu mzima. Baadaye nilipata habari kwamba ni mtu mzuri sana, jambo ambalo halikunisaidia.

Basi nikawafundisha nyinyi. Nilikuwa na wivu juu ya buti. Nilikuwa na wivu juu ya glavu, maana mikono yangu ina magamba mpaka wajukuu wanaogopa kushikwa. Nilikuwa na wivu juu ya maharage yaliyowangoja yamepikwa adhuhuri. Kila mzazi aliyepita akawapungia mkono, nilimwonea wivu yeye kuliko nyinyi. Nyumbani nililalamika mpaka mama Janvier akachoka.

"Weye muzee muzima, uko nasikilia batoto ya batu wivu?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikamjibu. "Uko na dawa?"

Akanipa ugali.

Katika kundi lile alikuwamo Dorika, binti wa mwuza viazi kutoka Bule, ambaye wenzake walimchagua kuwa kapita wao, msimamizi wa kundi. Sikumpenda kwa sababu alikuwa na akili. Nilimvizia akosee, na juma la kwanza tu mkakosea wote pamoja. Nilikwenda ofisini, niliporudi nikakuta mmekwangua majani yote kwenye kingo za mtaro na mmefagia mpaka udongo unang'aa, jinsi mama zenu walivyowafundisha kufagia uwanja wa nyumba. Mlisimama mkingoja sifa. Ni kosa la watoto waliolelewa vizuri, lakini majani yale ndiyo yanayoshika ukingo. Mvua ya kesho yake ikauangusha mtaro mzima. Mnakumbuka nilivyowagombeza? Nilifurahi kuliko siku ya ndoa yangu.

Furaha haikukaa. Tulipoirudisha bariyeri ya mvua, tukapata shida ambayo Muzee Gerazi hakuniachia jibu lake. Watu waliona mti umelazwa barabarani na miili ikakumbuka. Mapikipiki yaligeuza kwa mbali. Mama mmoja aliacha kapu lake la ndizi akakimbilia porini, na tulimwita sana kabla hajarudi. Mimi nilipendekeza bango. Dorika akatikisa kichwa.

"Papa Janvier, bango hata wenye bunduki walikuwa nayo. Tutafute mama wa mandazi, akae pale pale. Batu bakiona mama iko nakaanga mandazi, batajua ni mvua tu."

Akaletwa mama wa mandazi na sufuria yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyekimbia, na baadhi ya madereva walianza kulaumu mvua isiponyesha. Nililala na wivu hata usingizi ukanikataa. Miaka yangu yote na bariyeri, sikuwahi kuwaza mandazi.

Sasa nifike kwenye siku ya samaki. Kazi ilikuwa imekaribia kwisha. Mhandisi wa mradi alikuwa anakuja kesho yake kuipokea barabara, na tulikuwa tumeambiwa wazi: ikiwa nzuri, serikali itatoa pesa ya awamu ya pili na vijana wataendelea. Ikiwa mbaya, kila mtu kwao. Dorika alikuwa ameniambia pia kwamba katika awamu ya pili ataomba nafasi ya mtu mzima mmoja wa kumsaidia kusimamia burueti na upakiaji. Hakutaja jina. Mimi nililitaja, nyumbani, na Janvier alijaribu kutoonyesha kwamba anangoja.

Asubuhi ile mvua ilipiga bila huruma. Bariyeri ikafungwa. Upande wa ziwani likasimama lori lililojaa samaki wabichi, wamama wenye samaki wamekaa juu ya vikapu, na kati yao Janvier, mpakiaji wao. Upande wa mjini likasimama lori la viazi vya Bule, linalokwenda ziwani. Katikati kulikuwa na kile kipande tulichojaza udongo mpya, kimelowa, laini kabisa.

Mvua ilipokatika, jua likatoka na nzi wakatoka nalo. Wamama wakashuka.

"Fungula, mutoto wetu," wakamwambia Dorika. "Samaki itaoza, na siye tutakula nini?"

"Bamama, nikifungula, kesho hatuna kazi. Batu yote hii, hatuna kazi."

"Na siye hatuko batu?"

Wakanigeukia mimi. Nilivua kiatu, nikabonyeza kisigino. Kilitoka na udongo mzito. Nikawaonyesha. Janvier alikuwa amesimama nyuma ya wamama, mikono kiunoni, anaangalia lori hili, anaangalia lile, anaangalia burueti zilizopangwa kando.

"Papa," akasema, "kwa nini magari ivuke? Vitu njo vivuke. Samaki ipande kwa lori ya viazi, viazi ipande kwa yetu. Kila gari igeuke irudi fasi ilitoka."

Kisha Dorika akapiga kofi moja la mikono, akaita kundi lake lote. Madereva waligombana kidogo juu ya nani atapata nauli gani, wakapatana kwa sababu jua lilikuwa linazidi. Burueti za kwanza zilisukumwa zikazama pale pale. Hapo Janvier akavua shati. Akawaonyesha kwamba kwenye tope burueti haisukumwi, unageuka, unaivuta nyuma yako, na mzigo unaukalisha karibu na gurudumu. Aliwapitisha ukingoni, kwenye yale majani niliyowakataza kukwangua, mmoja nyuma ya mwenzake, bila kugusa mgongo wa barabara. Matope ya mashimo ya dhahabu yalikuwa yamemfundisha. Aliwaita wadogo zake, akawachekesha, akawaimbia, akakohoa, akaendelea. Yule mwenye nywele za kusuka alimfuata kama mdogo wake wa tumbo moja.

Samaki wakafika Bunia wakiwa wabichi. Viazi vikaenda ziwani. Barabara haikupata hata alama moja ya gurudumu la lori.

Mimi nilikaa kwenye ukingo wa mtaro na wivu mpya ambao sikuujua. Nilikumbuka samaki wote waliowahi kuoza mbele ya bariyeri yangu. Ningefanyaje, mimi na jembe la mama? Siku ile ilihitaji akili ya Janvier, lakini ilihitaji pia burueti za serikali na mikono yote ile ya vijana waliolipwa kuwa pale. Kazi ya namna hii ingekuwapo wakati wake, mwanangu angekuwa nani leo? Niliuliza kwa sauti. Mama wa mandazi alidhani ninamwuliza yeye, akanipa andazi.

Kesho yake mhandisi alifika, na jua lake. Alitembea kipande chote kwa miguu, akachungulia mabuzi, akakanyaga mgongo hapa na pale. Mwisho akasema kazi imepokelewa na awamu ya pili itaanza. Mliruka, mkabebana. Mlitupa kofia zenu juu, moja ikaanguka kwenye mafuta ya mandazi.

Dorika hakusahau, hilo lazima nimpe. Alimshika mkono Janvier, aliyekuwa amekuja akiwa na shati la kanisani, akampeleka mbele.

"Shefu, uyu njo aliokoa barabara jana. Siye bote tunaomba aingie mu équipe yetu ya kazi."

Mhandisi alimpa Janvier mkono, akamwuliza habari za burueti na malori mawili, akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa heshima. Akasema, "Tutaangalia."

Mimi nimefanya kazi ya serikali, neno hilo nalijua. Janvier hajawahi kuwa na ofisi, kwa hiyo yeye alisikia ndiyo. Yule mwenye nywele za kusuka akavua gilet yake, akamvisha, wote wakapiga makofi. Manjano ile ilimkaa vizuri mwanangu. Kwa kitambo kidogo sikumwonea mtu yeyote wivu, na nilishangaa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi.

Kisha mpiga picha wa msafara wa mhandisi akawapanga mbele ya bariyeri, wafupi mbele, warefu nyuma. Janvier alisimama mwisho wa mstari wa nyuma, ametoa kifua. Mimi nilikuwa kando, pamoja na madereva, karani na mama wa mandazi. Mpiga picha akaweka jicho kwenye mashine yake, akaliondoa, akatazama mstari tena. Akamwita Janvier kwa adabu kabisa, jinsi kijana anavyomwita mtu wa umri wa baba yake.

"Papa, tafazali, toka kidogo. Hii iko picha ya vijana."

Wachache walicheka bila ubaya. Dorika akasema, "Hapana, mwache," lakini Janvier alikuwa ameshacheka pia na ameshavua gilet. Akaikunja, akamrudishia mwenyewe, akakitazama kikosi kile mara moja. Kisha akavuka barabara, akaja kusimama kwetu, upande wa wazee. Nikasogea kumpa nafasi.